Mjukuu Aliyekaa Wima

Wafula alipiga simu nikiwa nachambua maharagwe nyumbani kwetu Kimilili. Alitumia ile sauti yake ya upole anayoitumia akitaka nisishtuke, na kwa sababu hiyo nikashtuka.

"Mama, mtoto amekaa."

"Amekaa wapi?"

"Tumboni. Kichwa kiko juu, matako yapo chini. Daktari anasema kufikia sasa angekuwa ameshageuka."

Faith, mke wake, alikuwa amebakiza majuma machache tu ajifungue mtoto wa kwanza. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado shuleni, na huko Doha, Qatar, wanakofanya kazi wote wawili, hakuwa na shangazi wala dada wa kumpikia hata uji. Nilimwambia Wafula anitafutie viza. Mwanamke hafai kuzaa peke yake ugenini kama mimi nipo na nina miguu.

Nilikuwa na sababu nyingine ambayo sikuisema kwenye simu. Wafula mwenyewe alizaliwa amekaa. Kwa miaka mingi nimewasimulia kina mama wa kanisa letu jinsi alivyotanguliza matako, mkunga wa kijiji akampokea palepale nyumbani, na leo ni mwanamume mrefu anayetengeneza kompyuta Uarabuni. Kila mjamzito aliyekuwa na hofu aliletwa kwangu asikie hadithi hiyo. Niliona kwamba safari hii naipeleka pale inapohitajika zaidi.

Siku ya kuondoka, jirani yangu Mama Sarah alinisaidia kufunga sanduku: unga wa wimbi, mboga zilizokaushwa, leso mbili mpya. Mwishoni akanitilia kopo la mafuta ya kukandia tumbo. "Ukande polepole kwenda kulia," akanielekeza, "mtoto atafuata mkono wako." Nilikubali bila kuuliza swali. Hivyo ndivyo tulivyozoea.

Ndani ya ndege nilikaa dirishani, na karibu njia nzima nilikuwa nikiwaza mikono yangu. Je, ingekumbuka kazi hiyo? Mimi si mkunga. Niliwahi kukandwa, na niliwahi kutazama wengine wakikandwa. Kijana aliyeketi kando yangu, aliyekuwa akienda kuanza kazi hotelini, aliniuliza kama naogopa ndege. Nikamwambia hapana, namwogopa mtu ambaye hajazaliwa. Alicheka kwa adabu, akarudi kwenye simu yake.

Nilipotoka nje ya uwanja wa ndege wa Doha, joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria. Wafula alinikumbatia, akachukua sanduku kwa mkono wa kulia na kulipandisha kwenye gari. Mkono wake wa kushoto haupandi juu ya bega. Ndivyo alivyokua nao, na sisi nyumbani hata hatuuoni tena.

Mtaa wanaokaa unaitwa Fereej Bin Mahmoud. Ni maghorofa yaliyokaribiana, na chini yake maduka: kinyozi, dobi, muuza mikate, mgahawa wa chai ya maziwa yenye iliki wanayoiita karak. Faith alitufungulia mlango akiwa amejifunga leso juu ya dera. Alinipa mikono yote miwili na kuinama kidogo, kama anavyosalimiwa mama mkwe, na tumbo likamzuia kuinama zaidi.

"Karibu, Mama. Pole na safari."

"Nimeshapoa, mwanangu. Huyu mgeni wetu yuko wapi?"

Yeye mwenyewe aliuchukua mkono wangu akauweka chini ya mbavu zake. Pale palikuwa na kitu kigumu, cha mviringo, kama chungwa kubwa. Nilipokisukuma kidogo kilicheza, kisha kikarudi mahali pake. Kichwa. Nilisikia hamu ya kucheka na hofu kwa wakati mmoja.

Jioni hiyo nilitoa kopo la mafuta na kumweleza. Faith alilitazama, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Mama, naomba usikasirike. Mgongo nikande, na miguu. Lakini tumbo tusubiri tumwone daktari." Sikukasirika, ila iliniuma. Nilikuwa nimesafiri na mafuta hayo kutoka Kimilili. Nilimkanda miguu, iliyokuwa imevimba, na kopo nikalirudisha sandukuni.

Kliniki tulikwenda wote watatu. Daktari alikuwa mama wa makamo kutoka Sudan, mwenye sauti ya chini. Alikuwa na mwanasesere wa kitambaa na mfupa wa nyonga wa plastiki, akatuonyesha kwa vitendo. Kichwa ndicho kikubwa, alieleza kwa Kiingereza na Wafula akanifasiria pale nilipopotea. Kichwa kikitangulia, kinaibonyeza njia na kuifungua kidogo kidogo, na mwili unafuata bila shida. Matako yakitangulia, mwili unaweza kupita wakati njia bado haijawa pana vya kutosha, na kichwa kikaja mwisho. Hapo muda unakuwa mfupi, na mikono ya mtoto inaweza kunyooka juu na kuzuia.

Njia zilikuwa tatu. Kujaribu kumgeuza kutoka nje, hospitalini. Upasuaji uliopangwa. Au kuzaa kwa njia ya kawaida na mtoto akiwa vilevile, mbele ya watu waliozoea kazi hiyo, na upasuaji ukiwa karibu. Hakumsukuma Faith kuchagua.

Mimi nilishindwa kunyamaza. "Daktari, huyu hapa alizaliwa amekaa," nikasema, nikimwonyesha Wafula.

Aligeuka kwangu kwa furaha ya kweli. "Nyumbani? Na ilikuwaje?"

"Vizuri tu."

Akamtazama Wafula, aliyekuwa ameinua mkono wa kulia kujikuna shingo upande wa kushoto. Macho yake yakashuka kwenye mkono wa kushoto uliolala. Faith aliyaona macho ya daktari, nami nikamwona Faith akiyaona.

Kesho yake mchana Wafula alikuwa kazini. Mimi nilikuwa nakoroga uji, Faith amekaa kwenye kiti cha jikoni na mto mgongoni. Akaniuliza, "Mama, siku aliyozaliwa Wafula, ilikuwaje hasa? Si ile unayowaambia watu kanisani. Mimi ndiye ninayekwenda sasa. Niambie yote."

Nilizima moto. Sikuwahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote.

Nikamwambia kwamba mwili wote ulikuwa umetoka na bado nikasikia mkunga akisema "Haji." Kwamba alinitia mkono ndani akivuta, na mama yangu aliyekuwa amenishika mabega alianza kuomba kwa sauti, na katikati ya maombi akasahau maneno. Kwamba Wafula alipotoka alikuwa wa rangi ya bluu, amelegea, wakampulizia na kumpiga nyayo, nami nikafumba macho ili nisiwe wa kwanza kujua. Alipolia, nililia kumshinda. Mkono wa kushoto ulining'inia. Mkunga akasema utapona, na kwa sehemu ulipona. Nilimshukuru Mungu kwa yule mtoto mzima kiasi kwamba sikutaka kuutaja mkono, wala yale ya katikati. Baadaye, kila niliposimulia, niliruka kutoka "alitanguliza matako" hadi "leo ni mwanamume mrefu."

"Na jirani yangu Nafula," nikaongeza, kwa sababu nilishaanza, "alizaa mwaka uleule, mtoto amekaa hivyohivyo, mkunga ni yuleyule. Wa kwake hakulia."

Faith alikuwa analia bila sauti. Nikadhani nimemwongezea hofu, nikaanza kuomba msamaha. Akatikisa kichwa.

"Hapana, Mama. Nilikuwa najiona mwoga peke yangu. Nilidhani wewe hukuogopa."

"Mimi? Naogopa mpaka leo."

Tukanywa uji. Wafula aliporudi, Faith alimwambia wajaribu kumgeuza mtoto, na asipogeuka, yeye apasuliwe. Wafula alinitazama kana kwamba anasubiri nipinge. Nikamwambia, "Umesikia mkeo."

Siku ya kugeuza niliruhusiwa kukaa kando ya kitanda. Kwanza walimtazama mtoto kwa picha, wakamfunga Faith mkanda wa kusikiliza moyo wa mtoto, wakampa dawa ya kulegeza mfuko wa uzazi. Chumba cha upasuaji kilikuwa karibu, tayari kwa lolote. Daktari alipaka mafuta tumboni, akaweka mkono mmoja kwenye kichwa na mwingine kwenye matako, akaanza kusukuma. Haikuwa kazi ya upole kama nilivyotarajia. Faith alinibana vidole mpaka vikafa ganzi.

Mtoto alianza kuzunguka. Nililiona tumbo likibadilika umbo, likawa pana. Kisha ule mlio wa moyo kwenye mashine ukapungua kasi. Papo hapo daktari akaondoa mikono, akaiinua juu, akasubiri. Mtoto akateleza taratibu na kukaa kama zamani. Mlio ukarudi kuwa wa kawaida. Walipumzika, wakajaribu mara nyingine, ukapungua tena, naye akaacha.

"Anatuambia hapana," daktari alisema. "Tumsikilize."

Niliwaza kopo langu la mafuta, na mikono yangu, ambayo haina masikio. Ningejuaje wakati wa kuiondoa?

Garini Faith alisema, "Nimeshindwa hata hiki." Wafula alikuwa akiendesha, sisi wawili tumekaa nyuma. Nikamwambia kwamba hakuna aliyeshindana. Mtoto amekaa, nasi tutampokea amekaa. Akaegemeza kichwa begani kwangu. Mkaza mwana hamwegemei mama mkwe wake hivyo kwetu. Nilikaa bila kusogea mpaka tulipofika.

Siku ya upasuaji ikapangwa. Siku zilizobaki tulizipitisha polepole: Ijumaa kanisani, kwa kuwa huko ndiyo siku ya mapumziko, jioni tukipika mrenda na ugali, mchana tukitembea ndani ya maduka makubwa ya Al Sadd, kwa kuwa nje hakutembeki kwa joto. Kina mama waliovaa abaya walikuwa wakilitazama tumbo la Faith na kumwombea kwa Kiarabu; tuliitikia amina.

Alasiri moja, tukiwa tunachagua kofia za mtoto, Faith alisimama ghafla akashika meza. "Mama. Maji yametoka."

Nilitaka tukimbilie teksi. Yeye akakumbuka kabla yangu maneno ya daktari: kwa mtoto aliyekaa, matako hayazibi njia kama kichwa, na kamba ya kitovu inaweza kutangulia na kubanwa. Asitembee, alale. Akalala sakafuni palepale, kati ya nguo za watoto, nami nikaweka mkoba wangu na leso chini ya nyonga zake ziinuke. Mlinzi wa pale, Mganda mwenye sare ya bluu, alifika mbio.

"Nnyabo, mama, kuna nini?"

"Mtoto amekaa, maji yametoka. Ita ambulansi!"

Hakuuliza mara mbili. Alipiga simu, akawasogeza watu, akasimama ametugeuzia mgongo ili Faith asitazamwe. Faith alinishika mkono. "Anacheza," akaniambia. "Bado anacheza." Akawa ananiambia hivyo kila alipomsikia mtoto, mpaka wahudumu walipofika.

Hospitalini kamba ya kitovu ilikuwa mahali pake, lakini uchungu ulikuwa umeanza, wakampeleka moja kwa moja kupasuliwa. Wafula alifika na shati limelowa jasho. Tulikaa kwenye viti vya nje ya mlango, na adhana ya magharibi ikasikika kwa mbali. Niliwaza mama yangu na yale maombi aliyoyasahau. Nilijaribu kuomba mwenyewe, nayo maneno yakanipotea vilevile. Nikabaki nikisema jina la Faith tu.

Mlango ulipofunguliwa, muuguzi alikuwa amembeba msichana aliyekunja uso kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Miguu yake ilikuwa imenyooka juu mpaka karibu na masikio. Ndivyo alivyokaa siku zote zile, na kila tulipoishusha ilirudi juu yenyewe. Muuguzi alisema itashuka kwa siku zake, na nyonga zitapimwa baadaye kwa sababu alikuwa amekaa. Mikono yake yote miwili ilikuwa inapiga hewa. Wafula aliitazama muda mrefu.

Walimwita Rebeka, jina la mama yake Faith.

Nilikaa nao mpaka viza ikakaribia kuisha. Nilimwogesha mtoto, nikampikia Faith uji wa wimbi, nikamfundisha kuinuka kitandani kwa ubavu ili mshono usimvute. Miguu ya Rebeka ilishuka, na vipimo vya nyonga vikatoka vizuri. Siku ya kuondoka Faith hakuinama aliponiaga. Alinikumbatia.

Nyumbani Kimilili, kina mama wa kanisa walinijia Jumapili ya kwanza baada ya ibada, wakitaka habari. Mama Sarah alikuwa mbele. "Ulimgeuza?"

"Hapana. Walijaribu wenye kazi yao, akakataa. Akatolewa kwa kupasuliwa, mzima, na mama yake mzima."

Wengine waliguna. Mmoja akasema wa siku hizi hawajui kusukuma. Nyuma yao alisimama binti wa mwimbaji wetu wa kwaya, anaitwa Mercy, tumbo lake limefika karibu na kifua. Walikuwa wamemleta asikie hadithi yangu ya Wafula, kwa sababu wa kwake pia, walisema, kichwa kiko juu.

Tuliketi kwenye benchi la nyuma. Nilimsimulia, na safari hii sikuruka. Nilimwambia kuhusu lile "Haji", na rangi ya bluu, na mkono, na Nafula, aliyekuwa ananisikiliza kutoka benchi la mbele yetu na ambaye katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza. Nilimwambia pia kwamba wengine hugeuka wenyewe, na wengine hugeuzwa na ikawezekana, na kwamba kujua mapema alivyokaa ndiko kunakompa mtu nafasi ya kuchagua.

Nilipomaliza, Mercy akaniuliza kliniki inafunguliwa saa ngapi.

Kabla sijajibu, Nafula alisema, "Tutakwenda naye kesho asubuhi. Mimi na wewe."