Shamsudin Apeleka Mapacha Melini

Ukitaka kumsikia Shamsudin akicheka mpaka akohoe, mwulize habari za wazungu wanaokwenda mbugani na vichanga. Yeye ni dereva wa watalii, na pale kwenye kijiwe cha kahawa karibu na uwanja wa mpira, Kaloleni, hadithi hiyo ameisimulia hadi wanywaji wanaweza kuimalizia wenyewe. "Mtoto hata shingo haijakaza," atasema, "eti kaletwa kumwona simba! Simba mwenyewe anamshangaa. Mtoto analia kwa vumbi, mama mtu anasema tazama, amefurahi!" Hapo atajipiga paja na kuagiza kashata nyingine. Wazungu, kwa maelezo yake, ni watu wenye pesa ila hawana bibi wa kuwaachia watoto.

Mimi ni jirani yake. Tunapanga nyumba moja, na ukuta kati ya chumba chake na changu ulijengwa na fundi aliyekuwa na haraka ya kwenda kwingine. Najua akikoroma, najua akipiga chafya. Tangu mkewe Tunu amzae Jabiri, mpaka akaja kuwazaa mapacha, Khalfani na Najat, sijawahi kumsikia mwanaume huyo akiamka kubembeleza mtoto. Wakilia wote kwa pamoja hujivuta shuka na kusema, "Mama Jabiri, hawa wanakuita." Pampasi iliyojaa huikwepa kama shimo barabarani. "Mwanaume hashiki mambo hayo," husema, na mama yake, Bi Rukaiya, aliye chumba cha mbele, humuunga mkono. "Mwanangu sikumlea kwa pampasi," husema bibi huyo. Ni kweli, alimlea kwa kumpakulia.

Tunu, kabla hajaolewa, aliuza shanga na vinyago mjini. Alikuwa mcheshi, na Kiingereza chake kiliweza kumnunulisha mtalii twiga wa mti asiyeingia kwenye begi lolote. Kwenye posa aliahidiwa fungate Unguja. Fungate yenyewe ikaliwa Sombetini, kwa shangazi wa bwana harusi, na bibi harusi aliosha vyombo siku zote hizo kwa kuwa shangazi alikuwa na mgongo. Baada ya mapacha, ucheshi ukamwisha. Siku moja nilimkuta uani amesimama na ungo wa mchele mkononi, amesinzia wima, kuku wanajilia.

"Mama Oscar," aliniambia nilipomgusa bega, "mimi sitaki dhahabu wala gauni. Nataka nilale mchana, kitandani, mlango umefungwa, nisiitwe na mtu. Basi."

Niliumia, nami nikajua haombi makubwa, ila kwa nyumba ile alikuwa anaomba mwezi.

Basi mwezi ukaja kwa njia ya Uholanzi. Shamsudin alikuwa amewaendesha mbugani familia moja: mzee mwenye cheo katika kampuni ya meli za kitalii, binti yake, mkwewe na mjukuu wa kiume aliyekuwa bado anatambaa. Miezi kadhaa baadaye mzee akamwandikia kwamba meli yao itaanzia Dar es Salaam, izunguke visiwani na kurudi, na kwamba kuna chumba cha familia kwa ajili yake, watu wazima watatu na watoto wao wote, bure. Tukauliza, ulimfanyia nini mzee wa watu? Shamsudin akakaa vizuri kwenye kigoda. Akasema nyati alilijia gari lao, yeye akarudi nyuma kwa kasi kwenye kilima, akawaokoa wote. Kufikia wiki iliyofuata nyati alikuwa na wenzake, na mmojawapo alikuwa amejeruhiwa, maana nyati aliyejeruhiwa ndiye mkali.

Tunu alilia kwa furaha. Nasi wanawake wa uani tukapiga vigelegele tukamwambia, haya, fungate yako hiyo, imechelewa tu. Akaomba mtu mzima wa tatu awe mdogo wake, msichana anayeweza kubeba mtoto huku anakoroga uji. Shamsudin akasema nafasi hiyo ni ya mama. "Mimi nile vya meli, mama yangu abaki na dagaa?" Swali la namna hiyo halina jibu kwa mtu aliyelelewa vizuri, na Shamsudin alilijua hilo alipouliza. Tunu akafunga unga wa lishe, chupa za maziwa, pampasi na nguo za watoto. Bi Rukaiya akafunga chetezo, ubani, mkaa kidogo, na wanja wa kuwapaka watoto kwenye paji la uso ili wasipatwe na jicho baya. Shamsudin akafunga miwani ya jua.

Bandarini askari wa meli waliuchukua ule mkaa kwa adabu zote, wakaeleza kuwa moto hauwashwi chumbani. Bi Rukaiya akapanda meli akiwa ameshanuna.

Mimi sikuwepo. Haya ya melini nimeyapata kwa Tunu mwenyewe, tukichambua mchicha uani, Shamsudin akiwa amekaa karibu kiasi cha kukanusha kama angeweza.

Meli ile, anasema, ilikuwa na kila kitu, ila kilichomtoa machozi ni chumba cha watoto. Wasichana waliosomea kazi hiyo wanapokea mpaka vichanga, wazazi wakapumzike. Tunu alipolisoma tangazo mlangoni nusura aukumbatie mlango. Siku ya kwanza akawakabidhi watoto wote, akarudi chumbani, akavua viatu, akavuta pazia, akalala. Usingizi ulikuwa ndio unaanza kumchukua, mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Rukaiya, amemshika Jabiri mkono, na nyuma yake mmoja wa wale wasichana anasukuma kigari cha mapacha.

"Kuna nini, mama?"

"Kuna nini, unaniuliza? Mwanamke kapita pale, kamwinamia Khalfani, kamwambia mzuri. Akarudia, mzuri. Akamfinya na shavu. Wala mashaallah hakusema! Mtoto anasifiwa mkavu mkavu namna ile, unataka apatwe na degedege katikati ya maji?"

Kwani yeye mwenyewe hakuweza kukaa nao? Hakuweza. Bi Rukaiya alikuwa na mgongo, kama shangazi wa Sombetini. Ni mgongo wa ukoo.

Siku ya pili Tunu alikwenda mwenyewe kuwafundisha wale wasichana kusema mashaallah. Walifundishika haraka, wakamwambia kila mtoto, wakaiambia mpaka pampasi. Bi Rukaiya akasimama mlangoni akisikiliza kama msimamizi wa mtihani, kisha akawachukua tena wajukuu zake. Alisema wanaitamka, lakini bila imani. Mchana huohuo Jabiri alizuiwa kuingia bwawani kwa sababu bado anavaa pampasi, ndiyo sheria ya meli, akajitupa chini na kulia hadi watu wakatoka kwenye viti vyao. Aliyemfukuza, akamkamata, akamfuta na kumbembeleza, huku mmoja yuko mgongoni na mwingine kwapani, ni Tunu.

Na Shamsudin? Alikuwa kwenye kiti cha kujinyoosha, miwani usoni, anapiga picha na kuzitupia kwenye status. "Familia kwanza," aliandika. Sisi huku Kaloleni tulizipokea kwa mioyo myekundu. Picha moja nimeihifadhi mpaka leo: Shamsudin anacheka, bahari nyuma yake, na pembeni kabisa unaonekana mkono umeshika chupa ya maziwa. Mkono huo ndio Tunu, na ndiyo picha yake pekee katika safari nzima mpaka hapo.

Siku ya tatu walikuwa mezani wakila, kwa maana ya kwamba Shamsudin na mama yake walikuwa wakila, Tunu akilisha. Mara wakasikia, "Sam!" Wageni humwita hivyo, Shamsudin linawashinda. Alikuwa yule binti wa mzee Mholanzi, naye amepanda meli hiyohiyo na mwanawe, ambaye sasa anatembea. Mtoto akainua mikono. Na hapo ndipo mikono ya Shamsudin ilipomponza, maana kabla hajawaza ilikuwa imeshambeba yule mtoto, imemweka ubavuni, na kidole gumba kimemfuta kamasi.

Tunu akaacha kijiko hewani.

Yule mama akamgeukia. Akamwambia kwa Kiingereza kwamba yeye ni mwanamke mwenye bahati kuliko wote melini. Kule mbugani mwanawe aliharisha, akawa hataki mtu, isipokuwa Sam. Sam ndiye aliyembadilisha pampasi juu ya boneti ya gari. Sam alipasha maziwa, Sam alimfunga mgongoni kwa shuka la Kimasai akamzungusha kambini akimwimbia hadi akalala. Wao wazazi, tangu mtoto azaliwe, walilala mchana kwa mara ya kwanza. "Baba yangu alisema," akamalizia, "mtu aliyetupa usingizi, na mkewe lazima tumpe mapumziko, ingawa mume wa namna hii bila shaka nyumbani anakusaidia sana."

"Anasemaje huyo?" Bi Rukaiya akauliza.

"Anakumbushia ile habari ya nyati," akasema Shamsudin, bado kamshika mtoto wa watu.

Kujaribu kumficha muuza shanga maneno ya Kiingereza! Tunu akafuta mdomo wa Najat, akaweka kitambaa chini, akamfasiria mkwewe neno kwa neno, pampasi na boneti, shuka na wimbo, hakuacha kitu. Bi Rukaiya akatafuna polepole.

"Kazi ni kazi," akasema hatimaye. "Huko alikuwa kazini."

"Basi na hapa yuko kazini, mama."

Akasimama. Akampokea yule mtoto wa Kiholanzi, akamrudishia mama yake kwa tabasamu. Akamweka Khalfani kwenye paja moja la mumewe na Najat kwenye jingine, akamtundikia mfuko wa pampasi begani, akamshikisha Jabiri mfuko wa shati lake. Kisha akasema kwa Kiingereza, kwa sauti, ili yule mama asikie vizuri, kwamba Sam atakuwa na watoto na yeye anakwenda kulala. Shamsudin akatabasamu meno yote. Mbele ya mgeni hajawahi kukataa jambo, ndiyo maana wageni humsifu.

Tunu akafunga mlango kwa ufunguo. Bi Rukaiya aligonga akataja mgongo, akataja jicho, akataja radhi. Tunu alilala hadi jua likaanza kushuka, na alipoamka, ananiambia, hakujua yuko wapi, akakaa kitandani akicheka peke yake.

Alipotoka akawakuta juu, penye upepo. Shamsudin alikuwa amemfunga Najat mgongoni kwa kanga ya Bi Rukaiya, Khalfani amelala kifuani, Jabiri amekaa miguuni pake akila ndizi, mkavu, msafi. Alikuwa akitembea taratibu, hatua fupi fupi, akiimba chini chini. Abiria walikuwa wakimpiga picha, na Tunu akaipiga ya kwake.

Hadithi ilipofika hapa nilicheka, nikadhani na yeye atacheka. Tunu akakivunja kijiti cha mchicha, macho yamemjaa machozi. "Mama Oscar," akasema, "angekuwa hajui, ningemsamehe. Anajua. Anajua kuliko mimi."

Shamsudin akainuka pale alipokuwa amekaa, akaenda kukagua tairi za gari la bosi ambazo hazikuwa na shida yoyote.

Ile picha Tunu aliitupia kwenye status yake, akaandika, "Familia kwanza." Kijiweni waliiona wote kabla meli haijatia nanga. Shamsudin aliporudi alijaribu kuanza habari ya bahari, akapenyeza na nyati kidogo. Mzee Khamisi muuza kahawa akamjazia kikombe, akamuuliza kwa upole kabisa, "Nyati mwenyewe, mwanangu, alikuwa anavaa pampasi saizi gani?" Tangu siku hiyo habari za wazungu wanaokwenda mbugani na vichanga hazijasikika tena pale, na kashata zinauzika kidogo.

Msinielewe vibaya, hajawa malaika. Hata leo alfajiri mapacha walilia, nami nikiwa macho nikamsikia ukutani akivuta shuka.

"Mama Jabiri, hawa wanakuita."

Tunu hakuinuka. Sauti yake ilitoka kwenye mto wa kulalia, nzito kwa usingizi, tamu kama ya zamani alipokuwa akiuza twiga.

"Dereva," akasema, "wageni wako wameamka."

Kisha kitanda kikalia, na nikasikia miguu ya mtu mzima ikitafuta ndala gizani.