Tela la Mapanki

Chumba nilichopanga Buhemba kilikuwa na mlango unaotazama mfereji wa bafu. Wapangaji tulikuwa tisa na bafu lilikuwa moja, kwa hiyo maji machafu ya watu wote yalipita mbele ya kizingiti changu, na povu lake, na nywele zake, na vitu vingine ambavyo niliacha kuvitazama. Nilikuwa karani wa mzani kwenye karasha, mahali ambapo mawe ya dhahabu husagwa kuwa unga kabla ya kuoshwa. Watoto wangu wawili walikuwa kwa mama yangu, mtaa wa Nyakato, kule Musoma mjini. Mwanzoni nilijaribu kwenda na kurudi kila siku kupitia Butiama, lakini nilikuwa nafika nyumbani watoto wamelala na kuondoka hawajaamka. Ndiyo maana nikapanga.

Mfereji niliuvumilia. Kilichonishinda ni beseni.

Mama mwenye nyumba alikuwa akinipikia. Jumamosi moja mchana umeme ulikatika, karasha likasimama, nikarudi mapema. Nikamkuta kaka yake amechuchumaa jikoni, anakoroga mchanga wa dhahabu na zebaki kwa mikono mitupu. Alikuwa anakorogea kwenye beseni la bluu lenye ufa pembeni. Lile beseni nililijua. Sahani zetu ndimo zilimooshwa, na asubuhi ile nilikuwa nimenawia humo kabla ya kunywa uji.

"Mama, hilo si beseni la vyombo?" nikamuuliza mwenye nyumba.

"Tunalioshaga," akasema. Alikuwa anachambua mchicha, wala hakuinua kichwa. "Na sabuni tunaweka."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika mpaka machozi yakanitoka. Miezi minane nilikuwa nimekula katika nyumba ile. Nilikaa pale chini nikijisikia kwamba hata damu yangu ni chafu.

Vyumba vingine nilivyotafuta havikuwa na nafuu. Kimoja kilipakana na kilabu cha pombe, na walevi walikuwa wanakojolea ukutani mpaka rangi ilikuwa imebanduka. Kingine kilikuwa na kunguni wanaotembea mchana. Hapo ndipo nilipokumbuka tela.

Mume wa dada yangu anaishi Murangi, kando ya ziwa. Zamani alikuwa na biashara ya mapanki, yale mabaki ya sangara, kichwa na mifupa, yanayobaki baada ya minofu kukatwa. Alikuwa anayabeba kwa tela dogo la magurudumu mawili, linalovutwa na pikapu. Biashara ilikufa na tela likabaki uani.

"Shemeji, lile tela bado lipo?" nikamuuliza kwa simu.

"Lipo. Kuku wanalalaga humo."

"Naomba nikalale mimi."

Alicheka kwa muda mrefu, akidhani natania. Alipoelewa kwamba sitanii, akasema nilichukue tu, kwani hata mchuuzi wa vyuma chakavu alikuwa amelikataa.

Nililipeleka kwa fundi wa kuchomelea pale Nyakato, mwanamume mwenye umri wa baba yangu mdogo, mtu wa swala tano, anayetengeneza mageti na vitanda. Alilizunguka mara mbili akiwa amejiziba pua kwa kofia yake.

"Mama, unataka kulala humu?"

"Ukilisafisha, ndiyo."

"Kulisafisha utalisafisha mwenyewe. Mimi nitachomelea."

Tukang'oa mbao za sakafu. Nilidhani nimeshaona uchafu, kumbe sijaona. Chini ya mbao kulikuwa na tope jeusi, zito kama uji uliolala, limejaa magamba ya samaki na miba, na ndani yake funza wanene walikuwa wanajipindapinda kwa sababu jua limewakuta. Kwenye kona kulikuwa na panya amekufa, amekauka, na manyoya ya kuku yamemganda mgongoni. Fundi aliondoka, akasema wakati wa swala umefika, ingawa ulikuwa bado.

Nilikomba lile tope kwa sepetu. Nilichoma mbao. Nilisugua chuma kwa majivu, kwa sabuni ya unga, kwa ndimu, kisha nikapaka chokaa, nikaikwangua, nikapaka tena. Siku nne. Mama yangu alinikataza kuingia ndani na zile nguo, nikawa nazivua uani nyuma ya kanga. Mwanangu mdogo alinikumbatia jioni moja, akaniachia, akaenda kunawa mikono.

Fundi alipanga fremu za chuma juu ya tela, akaezeka bati, ndani akapigilia plaiwudi. Kitanda kilikuwa cha kukunja ukutani, na chini ya kitanda kuna sanduku la nguo. Nikisimama katikati na kunyoosha mikono, naligusa tela lote. Nilitaka dirisha moja dogo. Akakataa.

"Mawili, yatazamane," alisema. "Hili ni bati. Bila upepo kupita utaokwa kama mkate."

Tukalivuta kwa pikapu hadi Buhemba, nikaomba kona kwenye uzio wa karasha. Wanaume wawili wa kazini walinichimbia choo, nikakifunga kufuli. Kwa mara ya kwanza Buhemba nililala kwenye shuka ninayojua nani ameifua. Harufu haikuisha. Jua lilipopamba moto saa saba mchana, sangara alirudi, akanifuata mpaka kwenye mzani, na kina mama wanaochambua mawe walikuwa wanasogeza ndoo zao upande wa pili. Lakini ilikuwa harufu yangu peke yangu, na nilijua imetoka wapi.

Bosi alikuja kuliona mwezi wa pili. Alikuwa anaishi Musoma na kuja mara mbili kwa wiki, shati jeupe, kijiti cha meno mdomoni. Aliingia na viatu vyenye tope, akakaa kitandani kwangu bila kukaribishwa. Akafunua sufuria, akachungulia maharage yangu. Akainua mto, akatazama chini yake. Kisha akakitoa kijiti mdomoni, akakiweka juu ya kimeza changu.

"Umetumia akili sana," akasema. "Hapa wanaingia watu sita."

"Naingia mimi, bosi."

"Wewe peke yako. Nazungumzia vijana wa mawe. Vitanda vya kupandana, huku watatu, huku watatu. Una vipimo?"

Nilimpa. Hapo ndipo ninapojichukia zaidi hadi leo. Nilimchorea karatasi nzima, nikamweleza wapi pa kuweka sanduku, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuniambia nina akili pale kazini, na nilitaka aendelee kusema. Nilipomtajia madirisha aliandika kitu. Sikuangalia alichoandika.

Baada ya wiki chache matela matatu yakaletwa. Bweni la tofali walimokuwa wanalala wafanyakazi likabomolewa, pale pakarundikwa mchanga uliokwisha kusagwa. Matela hayakuwa na dirisha hata moja. Waliolala humo waliyaita friji. Kila asubuhi milango ilipofunguliwa kilitoka kivuke cha jasho, soksi mbichi na gongo, na kwa sababu choo kilikuwa mbali na mvua zilikuwa zimeanza, chupa za mkojo zilijipanga kwenye ngazi kama soda dukani. Nilikuwa napita nimebana pumzi. Wao walikuwa wananiamkia vizuri tu.

Asubuhi moja ya mvua mbebaji mawe mmoja hakufika mzanini. Alikuwa mtu wa Butiama, ana mke na watoto, mpole, na siku hiyo alikuwa na homa. Nilimwomba mwenzake tukamwangalie. Mlango ulikuwa umefungwa na mianya imezibwa kwa matambara ili baridi isiingie. Tulipoufungua, joto lilitupiga usoni. Jiko la mkaa lilikuwa linawaka sakafuni. Yeye alikuwa amelala kifudifudi juu ya matapishi yake, midomo imebadilika rangi.

Tulimburuta nje kwenye tope. Nilimfuta mdomo kwa kanga yangu na kuingiza kidole kumtoa uchafu kooni. Ilipita muda nisioweza kuueleza, ndipo akakohoa. Walimpeleka zahanati kwa pikipiki, amebanwa katikati ya watu wawili.

Bosi alifika mchana.

"Nani aliwaruhusu kuwasha mkaa ndani?"

"Ni baridi, bosi. Na hakuna dirisha," nikasema.

"Hilo daftari la kazi unaliandika wewe. Andika alikuwa amelewa."

"Hakuwa amelewa. Ni homa."

"Mama, mimi nakuombaga mara mbili?"

Nikaandika. Maneno mawili tu: alikuwa amelewa. Baadaye nilijaribu kula nikashindwa, na safari hii si kwa sababu ya beseni la mtu.

Siku ya tatu nilikwenda Butiama kumwona. Alikuwa amelala ndani, kichwa bado kinamuuma. Mkewe alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, akanipa kikombe cha uji, akanishukuru kwa kumtoa mumewe. Sikuweza kuzimeza zile shukrani. Nikamwambia nilichoandika, na kwamba kile chumba ni mimi niliyekichora.

Alinitazama. Kisha akanyoosha mkono, akaniondolea kikombe sijafika nusu, akatoka nacho, nikasikia anamwaga uji nje.

Nilirudi Buhemba, nikakata yale maneno kwenye daftari, nikaandika ilivyokuwa, nikaweka sahihi. Jumapili, bosi akiwa Musoma, nilimwita yule fundi wa Nyakato. Alikuja na jenereta na mashine ya kukatia chuma. Hakuniuliza ruhusa imetoka kwa nani. Alikata madirisha mawili kwenye kila tela, yanayotazamana, na wanaume walikaa kwenye mawe wakitazama cheche. Mlinzi wa karasha naye aliketi nao.

Jumatatu nilifukuzwa. Bosi hakupiga kelele, alisema tu niondoe kile kikopo changu kabla ya jioni. Nasikia alitaka kuziba madirisha, wafanyakazi wakagoma kulala, akayaacha. Huo ndio ushindi wote tulioupata. Bado wanalala sita.

Sasa nipo Bunda, napima pamba kwenye kiwanda cha kuchambua pamba msimu ukifika, na tela langu liko nyuma ya ghala. Mwezi uliopita nilipitia Butiama, nikashuka sokoni kununua mboga. Yule mwanamke alikuwa ameketi na mafungu ya nyanya mbele yake. Nilimsalimia. Alinijua, nikaona amenijua, akageuza uso akaanza kupanga upya nyanya ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Nikanunua kwa jirani yake, nikaenda kusubiri gari.