Tupa Niliyomchagulia Tata

Binti yangu wa mwisho alikuja likizo na kijitupa cha kusugulia kucha. Akakaa mlangoni, akaanza. Ukucha ukisagika unatoa harufu kama pembe ya ng'ombe iliyoungua, na harufu ile ikanifuata mpaka jikoni nikiwa nasonga ugali. Nikaacha mwiko umesimama kwenye sufuria, nikatoka nje kupumua.

"Mama, una nini?"

Nikamwambia ni kichefuchefu tu. Sikumwambia cha nini. Ninyi nitawaambia, maana yeye angenionea huruma, na huruma siitaki.

Nilikuwa na miaka kama tisa. Tuliishi Itiryo, karibu na mpaka wa Kenya, wakati ule watu walipokuwa wanaacha ng'ombe na mihogo kwenda kuchimba dhahabu. Kila mtu aliyepata kitu alinunua sanduku la bati na kufuli. Wengi walipoteza funguo kwa pombe au ndani ya mashimo, basi wakaja kwa baba yangu, Tata, ambaye alikuwa fundi wa kuchonga funguo na mzee wa kanisa.

Watu walidhani anatumia dawa. Haikuwa dawa. Ndani ya kufuli kuna pini ndogo zimejipanga. Tata alichukua ufunguo mtupu, ambao hauna meno bado, akauingiza, akaukaza kwa plaizi, akauchezesha juu na chini. Pini zikauma ile shaba. Akiutoa, juu yake kunakuwa na vidoa vidogo, vidogo kama mavi ya nzi. Penye kidoa anasugua kidogo kwa tupa. Anarudisha, anachezesha, anatoa, anatazama tena. Panapoacha kutoka kidoa, hapo pini imekaa mahali pake. Hivyo hivyo mpaka kufuli linakubali.

Kazi yote iko kwenye tupa. Ya meno makubwa inaacha mikwaruzo, na kidoa kinapotelea humo, hukioni hata ukiwa na macho ya mwewe. Iliyolainika kupita kiasi nayo inang'arisha shaba kama kioo, hukioni vilevile. Inatakiwa ya katikati, inayoacha shaba imefifia kidogo. Tata alizinunua Sirari, zimefungwa kwenye karatasi ya mafuta, na alizijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba changu. Kucha zake yeye zilikuwa nene kama kwato. Tupa ikitoa unga laini kama wa sembe, nzuri. Ikitoa chenga, mbaya. Unga ule ulinipanda puani, na Tata alikuwa akisafisha tupa kwa mswaki mkuukuu wenye chaki na jasho, unanuka vibaya sana. Nilichukia yote. Lakini nilijua tupa. Mtoto wa kike, miaka tisa, nilikuwa nazijua kwa kuzigusa tu, na nilijisikia sana kwa hilo. Mungu anisamehe.

Wambura, mwenye duara moja, yaani shimo la dhahabu, kule machimboni, alifukiwa na udongo akafa. Mkewe, Mama Robi, alikuwa amekwenda kwao upande wa Kenya kumuuguza mama yake. Wakamtumia habari. Akategemewa kufika jioni ya siku iliyotangulia maziko.

Siku hiyo, saa sita mchana, mdogo wake marehemu, Mwita, akaja kwetu na baiskeli. Nyuma amefunga sanduku kwa mpira, amelifunika blanketi. Alikuwa ametoka matangani moja kwa moja. Midomo inang'aa mafuta ya nyama, vidole vinang'aa, hata kwenye ndevu kulikuwa na kipande cha utumbo.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba," akajibu huku akichokonoa meno. Kisha kwa Tata: "Fundi, nifungulie hili. Suti ya kumzikia kaka imo humu."

Tata akalitazama kufuli. "Pole na msiba. Suti tu? Basi nilipige patasi, dakika moja tumemaliza."

"Hapana, hapana! Usivunje. Nataka lifunguke vizuri, na lijifunge tena vizuri. Mali ya marehemu hiyo."

"Shemeji yako si ana ufunguo wa pili? Jioni yuko hapa."

"Maiti haisubiri shemeji. Unaweza au huwezi? Niende kwa yule fundi wa Nyamwaga?"

Tata akalivuta sanduku karibu. "Naweza," akasema. "Bhoke, leta tupa."

Nikaleta kitambaa chenye tupa zote. Nikaitoa ile nzuri, tuliyoijaribu wiki hiyohiyo, nikampa. Akaipokea, akaiweka chini ya paja lake. Akachukua nyingine, kubwa, tuliyokuwa tunanolea majembe.

Nilishangaa. Akaanza. Anachezesha, anatoa, anasugua, krrr, krrr, ufunguo unajaa mikwaruzo kama mgongo wa punda. Anautazama kwenye jua muda mrefu. Anatikisa kichwa. Ufunguo wa kwanza ukaharibika. Akachukua wa pili, polepole, kama mtu asiye na safari. Jua likaanza kuinama. Mwita alikuwa anazunguka, anatema ugoro kwenye kuta za nyumba yetu, anajipangusa mafuta kwenye kufuli lenyewe.

"Wewe ndiye wanayekusifu mpaka Isebania? Hata mke wangu angekuwa amefungua kwa pini ya nywele!"

"Kufuli gumu hili," Tata akasema.

"Kufuli gumu au fundi mzee? Rudi ukachunge mbuzi, baba. Na kanisani wanakupa ufunguo wa sadaka, wewe?"

Akacheka, na nyama zikaonekana katikati ya meno yake. Mimi nikaona kinyaa na nikaona aibu, vyote pamoja. Nilimwonea aibu baba yangu. Nikasema kwa nguvu, ili yule mtu asikie:

"Tata, hiyo siyo! Hiyo ni ya majembe, inaficha vidoa. Nzuri ni ile uliyoikalia!"

Tata hakuniangalia. Mikono yake ikasimama tu.

Mwita akaacha kucheka. Akamsogelea, akatoa tupa chini ya paja la baba yangu kwa vile vidole vyake vya mafuta, akaiweka mkononi mwake. "Mtoto anajua kazi," akasema taratibu. "Mzee labda amesahau. Endelea, fundi. Mimi naangalia."

Akakaa mbele yake, magoti yakigusana. Hata soda hungemaliza kunywa. Kufuli likafunguka.

Nilikuwa nimesogea karibu, nataka nisifiwe. Suti ilikuwa juu kabisa, ya kahawia, inanuka dawa ya nondo. Mwita hakuigusa. Alipitisha mikono chini yake, akapekua mashati meupe ya marehemu, akaacha alama za mafuta kwenye kola, akapekua na nguo za ndani za shemeji yake. Akavuta bahasha. Akachungulia ndani, akaiingiza kwenye soksi.

"Suti haimo," akasema. Akafunga sanduku, akachukua ufunguo mpya, akaondoka. Kabla ya kupanda baiskeli alinishika shavu. Nilinawa uso kwa sabuni ya kufulia mara tatu, na mafuta yale nikaendelea kuyasikia.

Mama Robi alifika jioni, akafungua sanduku kwa ufunguo wake. Kila kitu kilikuwemo isipokuwa karatasi ya duara, ile iliyoandikwa jina la mumewe na lake, na alama za vidole vyao mbele ya mashahidi. Bila hiyo hakuwa na neno lolote juu ya lile shimo. Baada ya maziko Tata akaenda mwenyewe kwa wazee, akasema sanduku lilifunguliwa kwake na Mwita alitoa bahasha. Mwita akaapa hajui lolote. Akasema kama fundi anakiri alifungua, basi aulizwe fundi.

Wazee wakamuuliza Tata: "Aliyechonga ufunguo ni nani?"

"Ni mimi."

"Ungeweza kushindwa?"

"Ningeweza," akasema. "Sikushindwa."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama yangu na nilisikia jibu hilo. Nililiona la kijinga. Wazee hawakumwamini; shimo likabaki kwa Mwita, na watu wakaanza kumwita Tata mwizi.

Siku Mama Robi aliporudi Kenya na mtoto mgongoni, alipita kwetu. Hakuamkia. Alisimama mlangoni, akamtazama Tata, akatema mate kwenye kizingiti. Mate mazito, ya mtu aliyelia siku nyingi. Mama akaniambia nimwagie majivu nifagie. Nikafagia nimeziba pua, nikimchukia yule mwanamke mchafu aliyetukana nyumba ya mzee wa kanisa.

Nilikuwa na watoto wawili tayari, nimeanza kusoma masomo ya jioni ya watu wazima, ndipo nilipomuuliza Tata. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Nikamwambia, "Siku ile ya sanduku, kwa nini ulichukua tupa ya majembe?"

Akaendelea kupukuchua. "Ningekataa, angekwenda Nyamwaga, afunguliwe saa ileile. Nilitaka nimshike pale mpaka mwenye ufunguo afike. Ilibaki kama saa mbili."

"Mbona hukunikanya mapema?"

"Ulikuwa mtoto. Ningekwambia, ungemtazama usoni, angejua." Akatupa gunzi kwenye rundo. "Ulikuwa na macho mazuri sana, mama."

Nikaweka hindi chini. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika, nikiwa sina mimba wala homa. Watu husema mtoto hana hatia, na mchungaji wangu ameniambia hivyo pia. Nawaheshimu. Lakini mimi nilikuwepo. Najua kilichonifungua mdomo: nilitaka mtu mwenye utumbo kwenye ndevu aone kwamba mimi ni hodari kuliko baba yangu. Na baba yangu akaitwa mzee asiyejua kazi, kisha akaitwa mwizi, na mbele ya wazee, mimi nikiwa hatua tatu tu kutoka alipo, alikuwa na jibu ambalo lingenitaja mimi na kumsafisha yeye nusu. Alisema, "Ni mimi."