Maji ya Udhu wa Shangazi

Nilipokuwa mtoto, Ijumaa ilikuwa siku ya kichwa changu. Wenzangu wa mtaani kwetu, Madinat Sultan Qaboos, walipelekwa pwani au madukani. Mimi niliketi sakafuni katikati ya magoti ya Bibi, mama yake mama, aliyekuwa akiishi nasi, nikisubiri anioshe na kunisuka kabla ya adhana ya mchana.

Nywele zangu ni za kujisokota, nyingi, na zikishakauka hazikubali kichanuo. Bibi alizitengenezea dawa mwenyewe. Alianika majani ya mkunazi uliokuwa uani, akayatwanga, akayachekecha kwa kitambaa chembamba mpaka yakawa laini kama unga wa ngano. Alhamisi usiku aliroweka mbegu za uwatu. Asubuhi alichanganya ule unga na maji mazito ya uwatu, akayapiga kwa mkono hata yakatoa povu la kijani, na hilo ndilo lililokuwa sabuni yangu. Mwisho yalikuja mafuta ya nazi ya Unguja, aliyoyachemsha kwa moto mdogo pamoja na karafuu na mrehani. Hadi leo nayatengeneza vivyo hivyo, ila mimi napima kwa mizani na yeye alipima kwa kiganja.

Kisha alisuka, na alisuka kwa kukaza. Aliamini kwamba nywele zinazopepea hutazamwa, na kinachotazamwa sana hakidumu. Msuko wa kukaza, na mtandio juu yake, ndio uliomlinda mtoto wa kike na jicho la watu. Alivuta mpaka nyusi zangu zikapanda. Nikitaka kucheka, paji la uso lilikataa.

"Bibi, yauma."

"Yataacha. Tulia."

Shangazi Zuwena, dada yake baba, alikuja kutoka Sib, mji wa jirani, kila Ijumaa baada ya sala. Aliachika mapema na hakujaaliwa mtoto, na kila mtu alijua kwamba alikuja kwa ajili yangu. Alikuwa mtu wa mzaha. Ijumaa moja aliwahi, akanikuta nimeoshwa na sijasukwa, nywele zimetanda hadi mabegani.

"Nywele hizi au kichaka? Humu mtu atapoteza kuku, amtafute mpaka Idi."

Mama alicheka. Mimi nilicheka kumpita. Bibi hakucheka.

"Sema mashallah, Zuwena."

"Nnatania, Bi Salma. Hata huyo kuku sina."

"Nawe sema tu."

Hapo kahawa ikaletwa, mazungumzo yakageuka. Baadaye watu wazima wote waliokuwepo walishikilia kwamba hakusema. Mimi nilikuwepo pia, na nimejaribu mara nyingi kuikumbuka ile dakika, midomo yake, sauti yake. Sikumbuki.

Haukupita muda, nywele zikaanza kunitoka. Zilianza kwenye panja, upande wa kulia kisha wa kushoto, ngozi ikabaki tupu na laini kama ndani ya mkono. Bibi alipaka mafuta mara mbili zaidi, akavuta zile zilizobaki ili zifunike palipo wazi, akakaza kuliko mwanzo. Mapengo yakapanuka. Nilikuwa nikijitazama katika kioo cha chooni kila nipatapo nafasi, na nadhani tabia yangu ya kuhofia vitu vidogo vidogo ilianzia pale.

Kwetu, mtu akishukiwa kuwa jicho lake limempata mtoto, hutafutwa kitu alichokigusa: maji aliyotilia udhu, au mabaki ya alichokunywa. Huchanganywa na dawa, mtoto akaoshwa nayo. Hufanywa kwa siri ili asifedheheke mtu.

Basi Ijumaa moja Shangazi alikunywa kahawa yake, akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka, kama ilivyo ada. Bibi akaninong'oneza, "Kipeleke jikoni hicho, usikimwage." Nilikibeba kwa mikono miwili. Jikoni Bibi alikuwa na bakuli la mkunazi tayari, akamimina ndani yake lile tone lililobaki chini.

Shangazi alikuwa ameinuka kwenda kunawa halua vidoleni. Alisimama mlangoni. Alikitazama kikombe, akalitazama bakuli, kisha akakitazama kichwa changu. Hakuna aliyehitaji kumweleza.

"Ni mimi?" aliuliza.

"Hatumtuhumu mtu," Bibi alisema. "Twatafuta dawa tu."

"Mngeniomba, Bi Salma. Mimi si mtu wa kuibiwa makapi."

Alivua bangili zake, akaziweka kando ya sinki. Alichukua bakuli jingine, akaliweka chini ya mikono yake, akatia udhu pale pale jikoni: uso, mikono hadi kwenye viwiko, kichwa. Kisha akaliteremsha bakuli sakafuni, akaosha miguu juu yake, akijishika ukutani. Mama alikuwa ameshafika na alikuwa akisema, "Wifi, basi, wifi." Shangazi alimkabidhi Bibi bakuli kwa mikono yote miwili.

"Haya. Mwosheni mtoto."

Alininyooshea mkono, kama alivyozoea kunishika kichwa akiaga, halafu akaurudisha. Baba alikuwa sebuleni. Alimsikia dada yake akiwasha gari, akauliza kuna nini, akaambiwa ni mambo ya wanawake, akaridhika.

Nilioshwa kwa maji yale. Bibi akaamuru kichwa kisisukwe wala kisivutwe mpaka mwezi uandame na kwisha, ili dawa ifanye kazi. Na ilifanya. Vinyweleo viliota, vyepesi kwanza, kisha nywele kamili. Kichwa kilichokwisha kuumizwa Bibi hakuthubutu kukikaza tena, akawa ananifungia kitambaa tu. Nyumbani walishukuru Mungu, na waliokuwa bado na shaka kama ni jicho la Shangazi sasa wakawa na hakika.

Ijumaa zake zilikwisha. Tulimwona siku za Idi na harusini, amekaa kama mgeni. Akisalimiana na watoto alikuwa akiwatazama miguuni. "Viatu vizuri, mashallah," alituambia, kila mmoja. Nilikua nikidhani Shangazi anapenda viatu.

Mwaka jana, baada ya kumaliza chuo na kupata kazi, nilianza kubana nywele kwa nguvu chini ya mtandio, kwa wasiwasi kwamba zitachomoza mbele ya watu. Zikanitoka kwenye panja, kulia kisha kushoto. Niliziachia, nikarudia mkunazi na uwatu bila kubana, na zikaota. Yalikuwa mapengo yale yale, mahali pale pale. Nilisimama mbele ya kioo na chanuo mkononi mpaka povu likanikaukia kichwani.

Sidai kuwa na hakika. Jicho lipo, tumefundishwa hivyo, wala sikanushi. Lakini nadhani kilichoning'oa nywele kilikuwa mikono iliyonipenda kuliko yote, na kilichoniponya kilikuwa kuachwa. Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Alioshwa kwa majani ya mkunazi wake mwenyewe, na aliondoka bila kulijua hilo. Sijui kama ningethubutu kumwambia.

Nilikwenda Sib na chupa ya mafuta niliyoyachemsha mwenyewe. Shangazi amezeeka, anaishi karibu na soko, na alishangaa kuniona peke yangu. Nilimweleza yote kwa utaratibu: misuko, panja, mwezi wa kupumzisha kichwa. Alinisikiliza huku akimenya chungwa, ganda lisikatike.

"Kwa hiyo si wewe, Shangazi," nilimalizia.

"Nywele zilirudi, mwanangu. Kwa maji yangu." Aliweka kisu chini. "Ningebisha vipi? Nilikwenda nyumbani nikajitazama macho kwenye kioo. Tangu siku ile mtoto wa mtu sijamtazama kichwani."

Nilikuwa nimejiandaa kumsafisha mbele ya watu. Sikujua kwamba alikuwa amejihukumu kabla yao.

Nikaketi sakafuni, katikati ya magoti yake, nikampa mafuta, nikaanza kufungua mtandio. Alisema mashallah kabla sijatoa pini ya kwanza. Akarudia, na akarudia tena. Nilisubiri mkono. Nilipogeuka, chupa ilikuwa mapajani mwake, bado imefungwa, na yeye alikuwa akitazama mlangoni, nilipoviacha viatu vyangu.

Tangu siku hiyo nakwenda kwake kila Ijumaa. Bado hajanigusa kichwa. Nywele zangu zilihitaji mwezi mmoja tu wa kuachwa ili zirudi. Yeye tulimwacha miaka yote ile, na kumbe mtu haoti upya kwa kuachwa.