Mkanda wa Kitenge

Nilikuwa njiani siku kumi na tisa kutoka Uvira: Kigoma, Mbeya, kisha malori kupita Malawi na Msumbiji. Nilifika Durban na miguu iliyovimba na kazi moja tu, ushonaji. Nikapanga chumba mtaa wa Point, kwenye jengo la zamani karibu na bandari, nikidhani nitakaa miezi michache. Ndivyo nilivyo: nikifika mahali, naanza kukumbuka nilikotoka.

Miaka ikapita. Ule mwezi Machi, kabla ya nchi kufungwa kwa ajili ya korona, niliwashonea wanawake wa jengo letu sare ya siku ya wanawake, kitenge kimoja cha buluu na njano, kama tunavyofanya kwetu. Halafu tukafungiwa. Wanajeshi walipita barabarani, na kuta zikaanza kutueleza mambo ya majirani.

Mama mmoja wa ghorofa ya tatu, tuliyemwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa alituzidi umri, alitandika shuka jeupe sakafuni. Aliwaambia wenzake wakate kwenye zile sare umbo la kitu kinachowatisha nyumbani, walishone hapo. Mmoja alikata sufuria tupu. Mwingine, ufunguo. Jirani yangu alikata mkanda wa suruali. Mkanda huo nilikuwa nausikia kupitia ukutani.

Yaya akalitundika shuka dirishani, likatazama barabara. Lilipendeza. Nilitamani liondolewe.

Siku ya tatu mume wa jirani alinigongea. Alikuwa mlinzi wa magari, na magari hayakuwepo tena.

“Fundi, ule mkanda umetoka kwenye nguo ya nani?”

“Papa, pagne ni moja, kitenge kile kile kwa wote. Nitajuaje?”

“Fundi gani hajui kazi yake? Naenda kupanga foleni ya unga. Nikirudi naangalia nguo zote, na naanza na ya mke wangu.”

Alipoondoka tu, mkewe aliingia na gauni. Pindo lilikuwa na pengo refu kama mkono. Vipande vya kitenge kile vilikuwa vimenibakia. Sindano ilikatika, nikaweka nyingine. Kila hatua ya mtu kwenye ngazi iliugandisha mguu wangu juu ya pedali.

“Harakisha, fundi. Yule hachelewagi.”

“Ukinisukuma nitakosea.”

“Ukikosea, mgongo ni wangu.”

Jioni mume alirudi kwangu, gauni mkononi.

“Pindo hii iko na uzi mpya.”

“Lilifumuka, papa. Nimelitengeneza.”

Alinitazama sana. “Sawa, fundi. Mimi na wewe tutafahamiana.”

Kuanzia kesho yake aliweka kiti mbele ya mlango wangu, akakaa hapo kila asubuhi. Wateja wa barakoa nilizokuwa nashona waliacha kuja. Nilijifunza kula bila kugonganisha kijiko na sahani.

Barabara zilipofunguliwa, mkewe alichungulia kwangu, mtoto mgongoni, wakati mume yuko bafuni.

“Sikuambii ninakokwenda,” alinong’ona. “Usilolijua hawezi kulitoa kinywani mwako.”

Hakurudi.

“Yuko wapi?” mume aliniuliza Jumamosi.

“Sijui, papa.”

Ilikuwa kweli, na uso wangu ulikuwa wa mwongo.

“Nakupa mpaka nitoke kanisani.”

Jumapili, alipokuwa kwenye ibada, nilifunga mzigo. Yaya alinikuta kwenye ngazi.

“Unakimbia, fundi?”

“Nakimbia, yaya.”

Hakunicheka. Alishika upande mmoja wa mzigo, tukateremka pamoja hadi barabarani.