Neno TOWA Kwenye Mlango wa Mama Zawadi

Admin, jina langu lisitoke, huku Gisenyi tunajuana mno. Mimi ni mwanamke niliyevuka miaka arobaini na tano, sijaolewa. Naishi na mama yangu mzee na mimi ndiye ninayesimamia vyumba vyake vya kupangisha karibu na kivuko cha mpaka cha Petite Barrière.

Mwishoni mwa miaka ya tisini chumba cha mwisho alikipanga Mama Zawadi, mjane aliyekuwa akivusha nyanya kwenda Goma. Yeye na mama walikuwa chanda na pete. Siku moja tumerudi sokoni tukakuta mlango wake umeandikwa TOWA, yaani toa, kwa rangi nyekundu. Watu wa komine, serikali ya mtaa, walikuwa wamepita kukagua nyumba zisizo na kibali. Mama akaona anayetolewa ni mpangaji, na kwamba yeye mwenyewe akibisha atanyang'anywa nyumba nzima.

“Komine iliandika ku mulango yako, dada,” akamwambia. “We na batoto mutoke.”

“Mi sijui kusoma. Kama we umesoma hivyo, bon, naenda.”

Akafunga virago analia, akavuka mpaka. Niliumia sana, maana alinipenda kama mwanawe.

Ofisa wa komine aliyeandika neno lile aliporudi alishika kichwa. Kumbe kilichotakiwa kutolewa ni kibanda cha mbao cha jiko ambacho mama alikipigilia mbele ya mlango ule, kikaziba njia ya kukimbilia moto ukiwaka. Mbao zilikuwa nyeusi kwa moshi, rangi isingeonekana, ndiyo maana akaandika mlangoni. Mama alikaa chini palepale. Tulimtafuta Mama Zawadi Goma mpaka tukachoka.

Sasa tumeambiwa tubomoe vyumba vya zamani na kujenga upya kwa kibali, la sivyo wapangaji wote watatoka. Mama amekataa katakata. “Chumba kile hakiguswi. Akirudi atanipata wapi nimuombe msamaha?” Hata mlango hajakubali upakwe rangi.

Juzi mpakani nimeitwa na mwanamke, kumbe ni Zawadi, binti wa Mama Zawadi. “Mama alikufaka,” akaniambia. “Alijifunza kusoma ku kanisa akiwa muzee. Neno ya kwanza aliomba bamuonyeshe ni towa.”

Nililia mbele za watu bila aibu. Kila nikitoka mpakani mama huniuliza, “Umemuona?” Siku ile nilimjibu, “Bado, mama.”

Ndugu zangu, nishaurini. Nimwambie kuwa rafiki yake amekufa, akubali tujenge nyumba ipone, ila yeye avunjike moyo? Au ninyamaze, wapangaji watolewe tena kwa ajili ya mlango uleule? Nifanye nini? Kesho naenda mpakani, na nikirudi ataniuliza.