Kahawa Zilizobaki Juani

Siku hiyo tulikuwa watano. Mimi; mdogo wangu wa mwisho, msichana wa miaka kumi na sita, aliyebeba sufuria na chakula; mwalimu wa sekondari kutoka Mwanza anayependa kutembea milimani; mke wake, muuguzi; na bibi mmoja mwenye mguu mbovu, ambaye hatukujua kwamba yupo mpaka tulipomhitaji. Watu wengine wote wa kitongoji cha bondeni tulikoelekea hawakuwapo, na hilo nililijua nikiwa nimeshachelewa.

Kazi yangu ni kuwatembeza watu katika vilima vilivyo kati ya kwetu Isingiro na bonde la Mto Kagera. Niliacha shule mama alipomfuata baba kaburini, kwa sababu wadogo zangu watatu walitaka kula kila siku na shamba la migomba tuliloachiwa halikutosha. Nilibeba mizigo, nikapalilia mashamba ya watu, halafu wageni fulani wakaniomba niwaonyeshe njia ya kilimani, nao wakawatuma wenzao. Siku hizi wanaokuja hunipigia simu siku moja kabla. Habari za njia hawaulizi. Wanauliza kama mvua itanyesha, na kama mto umejaa.

Kabla ya kuwajibu natazama ukungu wa asubuhi kama umelala bondeni au umepanda. Nasikiliza upepo. Lakini tukishafika kileleni, ninachotazama zaidi ni kahawa. Huku kwetu kahawa hukaushwa uani, juu ya mikeka na maturubai. Ikinyeshewa inaota ukungu, na jasho la mwaka mzima linapotea, kwa hiyo mtu mwenye kahawa juani hayaachi mawingu yamzoee. Ukiwa juu ya kilima unaziona nyua katikati ya migomba, kila ua na kiraka chake cha kahawia. Viraka vikianza kukunjwa, nawarudisha wageni. Vikiwa vimetandazwa, tunashuka. Baba alifanya hivyo alipokuwa akikata nyasi huko juu, nami nilijifunza kwake. Kahawa haikuwahi kutudanganya.

Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi. Nyasi za vilimani zilikuwa zimechomwa, tukapanda miguu yetu ikiwa myeusi kwa majivu. Kileleni mwalimu alitoa simu yake akasema inaonyesha mvua mchana. Nikamwonyesha bonde. Kahawa zilikuwa nje zote, hata moja haijaguswa.

"Simu yako haina kahawa uani, mwalimu," nikamwambia.

Alicheka, mkewe akacheka, mdogo wangu akasema mwalimu leo kapewa sifuri. Tukashuka.

Kule chini kuna kijito kinachoteremka kutoka vilimani kwenda kumwaga maji Kagera. Wakati wa kiangazi unakivuka kwa kukanyaga mawe. Tulikula upande wa kilimani, halafu mdogo wangu akatangulia na sufuria hadi kwenye jiwe kubwa lililo karibu na ng'ambo, akaanza kuisugua kwa mchanga. Mimi nilibaki nikifunga mzigo. Muuguzi alikuwa amevua viatu, miguu yake imechubuka, na mumewe anamtania.

Kwanza ilikuja harufu, ya majivu yaliyolowa. Niligeuka nikaona kilima tulichotoka hakionekani tena. Pale tulipokuwa hakukuwa na tone hata moja, jua bado linatuchoma mgongoni. Halafu nikasikia ngurumo kama ya lori lililosheheni likipanda mlima, na nikajua mlima ule hauna barabara.

Nilimwita mdogo wangu. Aliinua kichwa, akasimama, na kabla hajavuta mguu maji yakafika. Yalikuwa meusi tititi, yamebeba majani yaliyoungua na visiki. Mawe ya kuvukia yakapotea yote, likabaki lile lake peke yake. Maji yakamfika vifundoni. Nikiwa bado nalitaja jina lake, yakamfika magotini.

Niliingia. Nakumbuka baridi na jinsi mchanga ulivyokimbia chini ya nyayo zangu. Mwalimu alinikamata mkanda kwa nyuma, nikamsukuma, nikampiga kiwiko, hakuniachia. Mkewe ndiye aliyesema. Nilikuwa nimewasimulia njiani habari za nyumbani.

"Ukienda wewe, wale wawili watabaki na nani?"

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nikiwa nimesimama pale. Tangu mama azikwe nilikuwa na hofu yangu, hofu ya njaa na ya homa za usiku, lakini hiyo ilikuwa na kazi ya kufanya. Hii haikuwa na kazi. Nilitakiwa kutazama tu. Mdogo wangu naye alinitazama, hakulia, ameikumbatia ile sufuria kifuani kwa sababu ilikuwa ya mama.

Ndipo kwenye migomba ya ng'ambo akatokea bibi, anachechemea, anaburuta mti mrefu wa kuegemezea mgomba wenye mkungu mzito. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye tope ukingoni, akaukaza mguu wake mzima kwenye mzizi, akausukuma mti hadi kwenye jiwe. Akamsemesha mdogo wangu kwa Kinyambo, lugha yetu, kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto aje kula. Maji yalipopunguza kelele nikasikia.

"Iache sufuria, mwanangu. Shika mti."

Aliiacha. Akaushika mti, akaanguka, maji yakamfunika hadi kidevuni, na yule bibi akavuta mkono baada ya mkono mpaka nikaona gauni la mdogo wangu liko kwenye tope la ng'ambo, na ndani ya gauni mtu anakohoa.

Mvua yenyewe ilitufikia baada ya hapo. Tulivuka jioni, maji yalipopungua. Mdogo wangu alikuwa jikoni kwa bibi, amevikwa kitenge chake, ameketi karibu na moto. Nilimwamkia bibi, akaitika, akaniuliza nilikuwa naangalia nini huko juu hata nikamleta mtoto mtoni siku kama ile.

"Kahawa zenu, bibi. Zilikuwa juani."

Alisukuma ukuni motoni.

"Watu wote wako kuzika. Nani angezianua?"

Kwetu siku ya maziko hakuna anayebaki nyumbani, na asiyefika hukumbukwa kwa ubaya. Yeye alibakizwa na mguu. Alikuwa ameanza kuanua kahawa yake alipotuona mtoni, akaiacha. Tulipotoka nje turubai lilikuwa bwawa, na buni zake zimesombwa hadi mashinani mwa migomba. Juu ya mteremko waliorudi kutoka msibani walikuwa wakikimbia kwenye matope, na hakukuwa na cha kuokoa.

Nilirudi na wadogo zangu wote, tukaokota buni topeni. Nilimpelekea gunia la kahawa kutoka kwetu, akalirudisha kwa bodaboda. Nilipomuuliza basi nimlipe nini, alisema siku atakayozikwa yeye, nisifike kaburini. Nizunguke nyumba kwa nyumba, nianue kahawa za watu.

Nilimwambia watu watanisema. Akasema watanisema wakiwa na kahawa kavu.

Sasa mgeni akinipigia kuuliza mvua, kwanza namuuliza mtu wa bondeni kama kuna msiba, ndipo natazama juu. Bibi bado mzima. Nikipita kwake namwamkia, naye huniuliza kama nimelisahau deni lake. Sijalisahau. Simu kutoka kitongoji cha bibi ikilia alfajiri, msimu wa kuanika kahawa, huwa naishika kwanza mkononi, inalia, na siipokei upesi.